Kiti cha Mbele, Upande wa Kulia

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kumfunika mtu jicho moja na kumwambia asome. Nilikuwa nimehitimu afya ya jamii huko Louisville na nilikuwa naishi Highview, kusini mwa mji, katika nyumba ya kupanga iliyotazamana na duka la matairi. Daktari mmoja wa macho, mwanamke Mfilipino aliyeletwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa anatafuta msaidizi wa utafiti. Alitaka kujua Wafilipino wa miji yetu hii ya kawaida wanaonaje, na wakianza kutoona wanamwambia nani. Miji mikubwa ya pwani, alisema, imeshaandikwa sana. Yeye angeanza na Louisville, kisha Columbus, kisha Buffalo.

Siku ya usaili nilimuuliza kwa nini anichukue mimi, Mkenya, asitafute Mfilipino mwenzake.

"Mfilipino watamlisha na kumuuliza habari za mama yake mpaka jua lizame," alisema. "Wewe watakulisha tu."

Alisema kweli kuhusu chakula. Jumapili ya kwanza, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la Louisville, nilipewa wali, tambi zilizokaangwa na mboga, na vitu vyembamba virefu vilivyonikumbusha sambusa, kabla hata sijafungua sanduku la vifaa. Baada ya misa watu walipanga foleni. Kwangu walisoma ubao wa herufi. Kutoka kwangu walikwenda kwenye mashine ndogo inayopuliza upepo kwenye jicho ili kupima presha yake, na mwisho wakaingia chumba kilichotiwa giza, ambako daktari aliwatazama nyuma ya jicho kwa taa.

Presha ya jicho ndiyo aliyokuwa akiiwinda. Alinieleza njiani, akiendesha, kwa maneno ambayo ningeweza kumweleza mtu yeyote. Presha hiyo hula mshipa wa kuona polepole, na mara nyingi huanzia pembeni. Katikati huweza kubaki safi kwa miaka. Mtu husoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa huku upande mzima wa dunia umeshamtoka. Haiumi. Kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone hulinda kilichobaki tu.

Kwa hiyo ubao wangu haukuwa na maana kubwa, lakini ulikuwa sehemu ya utafiti, na nilijitahidi nao. Tatizo lilikuwa huruma. Mzee mmoja alipokwama kwenye mstari wa nne, bibi aliyekuwa nyuma yake alimnong'oneza. Aliyefuata akasaidiwa na watatu. Nilipowaomba wanyamaze walinyamaza kwa adabu kabisa, halafu wakaanza kuchora herufi hewani kwa vidole. Daktari alitoka kwenye chumba chake cha giza, akawasemesha kwa lugha yao, wakacheka sana na kujifunika midomo. Wengi wao walikuwa wauguzi na watunzaji wa wazee. Kutwa nzima kazini walikuwa watu wa kupima wengine. Kumwacha mzee akikwama mbele ya watu lilikuwa jambo wasiloliweza. Tulihamisha ubao kwenye chumba cha vyombo na kufunga mlango.

Columbus tulikwenda majira ya joto. Mwenyeji wetu huko alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mfupi, mwenye sauti ya kuagiza, aliyefanya kazi katika makao ya wazee kule Reynoldsburg. Wote walimwita Ate, neno lao la kumwita dada mkubwa, na baada ya saa moja nami nikawa namwita hivyo. Yeye ndiye aliyepiga simu kwa kila familia. Yeye ndiye aliyepata ukumbi, aliyepanga viti, aliyeamua nani aanze kwa kuwa anawahi zamu na nani angoje kwa kuwa hana cha kuwahi.

Mtu anayetegemewa na ukumbi mzima hutazamwa sana, nami nilimtazama. Alimimina sharubati nje kidogo ya kikombe, upande wa kulia, akapangusa bila kusema neno. Alipoitwa kutoka kulia aligeuza mwili wote, kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Akipita kati ya meza, mkono wake wa kulia ulitangulia na kuzigusa pembe. Nilidhani amechoka. Alikuwa amesimama tangu asubuhi.

Pamoja naye alikuja mwanamke Mkongomani wa Kivu, mfanyakazi mwenzake, kitenge kimefungwa juu ya sare ya kazi. Wawili hao walizungumza Kiingereza cha kazini, maneno machache na ishara nyingi, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua. Aliposikia nina Kiswahili alinishika mkono akakataa kuuachia. Kisha akajiunga na foleni.

"Utafiti ni wa Wafilipino, mama," nikamwambia.

"Bon. Leo mi ni Mfilipino," akasema. "Wali nakula, kanisa naenda, wazee nawaogesha. Inabaki nini?"

Waliokuwa karibu wakauliza amesema nini. Nikawatafsiria. Mzee mmoja akampigia makofi na kumwambia kilichobaki ni kuimba kwenye karaoke, na kama sauti anayo amekubaliwa.

Kufikia alasiri foleni ilikuwa imekwisha, na mlinzi wa ukumbi alisimama mlangoni akichezesha funguo, kwa sababu kwaya fulani ilikuwa imekodi ukumbi baada yetu. Daktari akatoa kichwa nje ya chumba cha giza.

"Nina nafasi ya mmoja. Ate, njoo."

"Mpime huyu," Ate akasema, akimsukuma rafiki yake mgongoni. "Ni mgeni wangu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenye nyumba, Dok. Mwenye nyumba anakula mwisho."

Katika ukumbi mzima, watu wa kwao na sisi wawili wa Afrika, hakuna aliyeona ajabu. Sote tulikuwa tumelelewa na wanawake waliokula mwisho, wakikwangua sufuria wamesimama. Yule Mkongomani aliingia, akatazamwa, akaambiwa macho yake ni mazima. Alipotoka kwaya ilikuwa inaingiza viti vyake, na mashine ya presha nilikuwa nimeshaizima na kuifungia sandukuni.

Alinifuata mpaka kwenye gari akinibebea ubao. Nilidhani anataka namba ya simu. Aliuweka ubao chini, akaangalia nyuma yake.

"Dada, ule mama haone."

"Haoni vipi?"

"Huku." Akainua mkono wake wa kulia, akaufagia hewani kutoka bega mpaka mbele ya uso. "Huku kote, hapana kitu. Mi nakaa mbele, pembeni yake huku kulia, kila asubuhi. Akitaka kukata kulia anapunguza, ananingojea. Nikisema twende, anaenda. Nikinyamaza, haendi. Mi njo jicho yake."

"Alikuambia mwenyewe?"

"Aniambie nini? Siku ya kwanza nilipiga kelele, gari! Akafunga breki, akacheka. Kesho yake nikapiga kelele tena. Donc, tukazoea."

"Na hamjamwambia mtu?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama kweli nimesoma.

"Nani atanipeleka kazi? Mi sina permis ya kuendesha. Basi haifike kule na ile saa tunaanza. Yeye wakimnyang'anya ya kwake, wote wawili tumekwisha."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Kwa sababu alinipa nafasi yake," akasema. "Nilikaa mule ndani kwa giza, daktari ananiangalia, mi nasikia haya."

Nilimweleza daktari. Alirudi ndani bila kuvua glavu. Ate alikuwa jikoni akisugua masinia. Nilisimama mlangoni nikawasikiliza. Walianza kwa lugha yao, kisha daktari akahamia Kiingereza, nadhani ili nami niwe shahidi.

"Rafiki yangu ana kliniki hapa mjini. Njoo Jumanne. Hakuna malipo."

"Ay, Dok, asante. Nitakuja."

"Kweli?"

"Kweli, Mungu akipenda. Chukueni chakula, kimebaki kingi."

Tukiwa barabarani, masinia ya karatasi ya fedha yamejaa kiti cha nyuma, daktari alisema, "Hatakuja."

"Amesema atakuja."

"Amesema hivyo ili mimi nisione aibu ya kukataliwa."

Niliijua hiyo "ndiyo" ya adabu. Mama yangu huitoa kwa wageni wanaomwalika mbali. Jumanne Ate hakutokea. Daktari alipompigia, alisema wiki hiyo wafanyakazi walikuwa wachache. Wiki iliyofuata alisema ndiyo, na mwezi uliofuata ndiyo. Nikaambiwa nijaribu mimi. Nilimpata akiwa mapumzikoni. Aliongea kwa upole, nyuma yake televisheni ya wazee ikipiga kelele.

"Mwanangu, najua mnachofikiri," alisema. "Mama yangu ana zaidi ya miaka tisini. Yuko kwetu kisiwani, ananingoja. Bado kidogo nistaafu, nirudi nimtunze. Nimewatunza wazee wa watu maisha yangu yote. Daktari akiandika kitu, leseni inaondoka, na kazi inafuata. Nitarudi kwa mama nikiwa kitu cha kutunzwa."

Nilimwambia kwamba matone yangeweza kulinda macho yaliyobaki, na kwamba kila mwezi unaopita ni hasara. Nilimwambia pia kuhusu barabara, kwamba kuna watu wengine barabarani.

"Ndiyo," akasema. "Nitakuja."

Simu iliyonifikia kabla ya theluji kuanza ilitoka kwa yule mama wa Kivu. Ilikuwa jioni, nilikuwa bado ofisini Louisville nikipanga majibu ya presha ya watu wa Columbus. Hakunisalimu.

"Dada, amegonga mutu."

Nilimwomba anieleze taratibu. Asubuhi hiyo mtoto wake mdogo aliamka na homa. Alimpigia Ate akamwambia asimngojee, hatakwenda kazini. Ate akaenda peke yake. Baada ya zamu alipitia dukani kununua dawa ya homa ya kumpelekea mtoto huyo huyo. Akiwa anatoka kwenye maegesho, akakata kulia. Kijana wa duka alikuwa anasukuma mstari wa vitoroli. Gari lilimchukua yeye na vitoroli vyake mpaka ukingoni.

"Amekufa?"

"Hapana. Mufupa wa nyonga umevunjika. Polisi wanasema labda mama alikuwa kwa simu. Yeye anasema tu, sikumwona, sikumwona. Wanafikiri anajitetea." Akavuta pumzi. "Siku moja tu, dada. Siku moja sikukaa mule."

Alirudia maneno hayo, siku moja, siku moja, mpaka mtoto akasikika akilia nyuma yake na yeye akasema lazima akate. Nilimpigia daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jina la hospitali alikolazwa kijana, kisha akaniomba nimwache kidogo.

Kijana yule alitembea tena, kwa mkongojo. Ate aliwaambia polisi mwenyewe, siku ya pili, kwamba upande wa kulia hauoni na kwamba amejua hivyo kwa muda mrefu. Hakumtaja aliyekuwa akikaa pembeni yake. Leseni iliondoka, kazi ikafuata, kama alivyosema, na bima ya matibabu ikaondoka pamoja na kazi. Kabla ya Krismasi mdogo wake alikuja kumchukua akampeleka Buffalo. Gari waliliuza. Yule mama wa Kivu alipata lifti kwa Mrundi mmoja wa ghala la jirani. Nilipomuuliza anaendeleaje alisema, "Ule anaona pande zote, dada. Lakini hanisemeshe."

Mtu angedhani sasa, kila kitu kikiwa kimejulikana, matibabu yangeanza mara moja. Sivyo ilivyokwenda. Kule Buffalo Ate hakuwa na bima, na mdogo wake alikuwa na foleni ya makaratasi ya kumwombea msaada. Daktari alimtumia chupa ya matone kwa posta. Ilikwisha. Akatuma nyingine. Ate alisema amepata, asante, anaitumia. Mdogo wake alituambia baadaye kwamba alikuwa akiitumia kidogokidogo ili idumu.

Tulifika Buffalo majira ya kuchipua, utafiti ukiwa umefika mji wake wa mwisho. Marundo ya theluji chafu yalikuwa bado yamekaa kwenye pembe za maegesho. Tulipewa vyumba viwili vya shule ya parokia huko North Buffalo, na safari hii tulikuwa na mashine kubwa ya kupima upana wa kuona, iliyokodishwa. Ate aliletwa asubuhi, ameshikwa mkono. Alikuwa amekonda. Alinitambua kwa sauti.

"Mkenya wetu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Alinipapasa shavu.

Kwenye ubao alisoma kwa jicho la kushoto bila kukosea ila mstari wa chini, na akaridhika sana. "Unaona, Dok? La kulia ni habari ya zamani. Hili ni zima. Kwa hili nitamwona mama." Mdogo wake, aliyekaa kando na mikoba yao miwili mapajani, alisema wameshaulizia tiketi za Desemba. Mama yao bado alikuwa hai. Kwa simu alikuwa akiuliza kila Jumapili chumba cha mwanawe kipakwe rangi gani.

Mashine ya upepo ilitoa namba kubwa kwa macho yote mawili. Nikairudia, ikatoa hiyo hiyo. Daktari alimwingiza kwenye chumba cha giza akakaa naye kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka alijishughulisha na kufuta lenzi yake.

"Tumpime upana," aliniambia.

Kipimo hicho ni rahisi kukieleza. Mtu huweka kidevu mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja limefunikwa, na kukazia macho taa moja iliyo katikati. Taa nyingine ndogo humulika hapa na pale, mara dhaifu, mara yenye nguvu, kisha kuzima. Akiiona hubonyeza kitufe alichoshika. Mimi nilikaa upande wa pili na skrini, nikiona kila taa inapomulika na kila kitufe kinapobonyezwa.

Tulianza na jicho la kulia. Alibonyeza vizuri mno. Bonyeza, bonyeza, kwa mwendo wa mtu anayehesabu mapigo ya moyo. Nilitazama skrini. Alikuwa akibonyeza pasipo na taa, na taa zilipowaka alikuwa katikati ya mabonyezo yake mwenyewe. Nikamwonyesha daktari, naye akaisimamisha mashine.

"Ate, unabonyeza bila taa."

"Nilifikiri mnataka nibonyeze."

"Hapana. Nataka unachokiona tu."

"Nisipobonyeza utafiti wako hautaharibika, Dok?"

"Hautaharibika."

"Umetoka mbali na mashine yote hii."

"Ate." Daktari alichuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa. Alisema jambo kwa lugha yao, fupi. Mdogo mtu aliyekuwa na mikoba akainamisha kichwa. Ate akaitikia, na nilipoanzisha mashine upya hakudanganya tena. Jicho la kulia lilikuwa na mabonyezo machache, ambayo hata hayo daktari hakuyaamini. Hatukuwa tumetarajia zaidi.

Nikahamisha kiziba cha jicho. Nilimfunika la kulia, nikaliacha la kushoto, lile la kwendea kwa mama. Aliketi wima zaidi. Aliomba maji, akanywa, akarudisha kidevu mahali pake na kukishika kitufe kwa mikono miwili.

"Hili litafanya vizuri," alisema ndani ya bakuli. "Mtaona."

Nikaanzisha. Taa ya kwanza ilimulika juu, kulia. Hakubonyeza. Ya pili ilimulika chini. Ya tatu kushoto, ikarudi ikiwa na nguvu zaidi, ikarudi tena na nguvu zaidi ya hapo. Kwenye skrini yangu vidoti viligeuka vyeusi kimoja baada ya kingine, navyo vikaanza kuuzunguka ule uwazi mdogo wa katikati aliousomea ubao. Mashine ilikuwa ikinguruma kidogo. Nje watoto wa shule walikuwa kwenye mapumziko. Kidole cha Ate kilikuwa juu ya kitufe, tayari, na jicho lake lilikuwa palepale lilipoambiwa likae, halitoroki. Sijamwona mtu mwingine aliyekitii kipimo kile kama yeye.

Daktari alisimama nyuma yangu akitazama skrini. Mdogo mtu alitutazama sisi.

Baada ya muda Ate alisema, bila kusogeza kichwa, kwa ile sauti yake ya kutotaka kumsumbua mtu:

"Mwanangu, mmeshaanza?"

Nilifungua mdomo. Daktari aliniwekea mkono begani.

"Tazama mbele tu, Ate," akasema.

"Sawa, Dok."

Akatazama mbele, akingoja tuanze.